Umelipia Usiku Tatu, Umepata Siku Mbili

Kwa ninyi mlioko Marekani, huu ndio wakati wa kupanga likizo, na wengi mnajiuliza: anayepanda meli ya kitalii kwa mara ya kwanza aende siku tatu, au ajikaze aende wiki nzima? Ushauri wa kila mahali ni kwamba uanze na safari fupi, uonje. Mimi siuafiki.

Hebu tuzihesabu hizo siku. Safari ya usiku tatu kutoka Miami kwa kawaida huondoka Ijumaa. Unafika bandarini adhuhuri, foleni ya pasipoti, foleni ya ukaguzi, kisha unakula chakula cha mchana sanduku lako likiwa bado halijaletwa chumbani. Kabla meli haijang'oa nanga unatakiwa kuhudhuria mazoezi ya dharura. Jumamosi mko Nassau, Bahamas, Jumapili kwenye kisiwa cha kampuni ya meli. Usiku huohuo mnaambiwa mtoe masanduku nje. Pita ujiani saa nne usiku uone: masanduku mlango kwa mlango, na watu ambao ndio kwanza wamezoea ngazi ipi inapeleka mkahawani wanahangaika kutafuta nguo ya kuvaa kesho. Jumatatu asubuhi na mapema mnashuka. Umelipia usiku tatu, umepata siku mbili.

Safari ya usiku saba nayo hupoteza siku ya kwanza na ya mwisho vilevile, lakini katikati zinabaki siku sita. Utafika St. Thomas na St. Maarten, au upande wa magharibi, Cozumel na Roatán. Na utapata siku ya bahari tupu, isiyo na bandari wala saa ya kurudi melini. Hapo ndipo mtu aliyefanya kazi zamu mbili mwaka mzima anapolala mchana bila kuamshwa na mtu.

Kuna na jambo la tumbo. Anayesumbuliwa na mawimbi mara nyingi huteseka siku ya kwanza na ya pili, kisha mwili unazoea. Wa safari fupi anashuka mwili ukiwa ndio kwanza unatulia, anarudi nyumbani akiapa kwamba bahari haimfai. Hakuionja, alionja kichefuchefu tu.

Na gharama? Ni kweli wiki ni ghali zaidi, na bakshishi hutozwa kwa kila kichwa kwa kila siku. Lakini tiketi ya ndege kutoka Minneapolis hadi Miami ni ileile, na hoteli ya usiku wa kuamkia safari ni ileile. Kuzibeba gharama hizo zote kwa ajili ya siku mbili kunaniuma.

Najua kwa nini watu huchagua fupi. Sheria ya shirikisho ya Marekani haimlazimishi mwajiri kukupa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Kampuni za meli zinalijua hilo. Zamani njia fupi ziliachiwa meli kuukuu, lakini Julai 2024 Utopia of the Seas, meli mpya kabisa, ilianza moja kwa moja na safari za usiku tatu na nne kutoka Port Canaveral. Simlaumu anayeipanda.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Meli ikitia nanga Nassau, umeshatoka Marekani. Mwenye viza ya kuingia mara moja, au ambaye makaratasi yake yangali yanashughulikiwa, amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa hata senti.

Wenye wiki mbili, au wastaafu, wana uhuru wao. Kwa mwenye likizo chache, ningeshauri aunganishe za mwaka huu na za mwakani, mwajiri akikubali, aende saba. Ikishindikana kabisa, aiache ile ya Ijumaa, achukue ya usiku nne, ambayo mara nyingi huondoka Jumatatu na kurudi Ijumaa: apate siku tatu kamili, na wikendi ya kupumzika kabla ya kurudi kazini.