Hisabati kwa Binti Anayesomea Nyumbani



Tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu mabinti walioacha shule kwa sababu ya ujauzito kurudi darasani. Wengine bado wanasomea nyumbani, wakijiandaa kwa Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani. Kabla usharika haujalipia programu ya hisabati ya intaneti, tujiulize:

Je, inafuata muhtasari wa Taasisi ya Elimu Tanzania?

Je, Matema mtandao ukikatika, itafanya kazi? Kolibri ni ya bure. Ikishapakiwa kwenye kompyuta pamoja na masomo ya Khan Academy, haihitaji intaneti. Lakini masomo hayo hayafuati muhtasari wetu, mwalimu ayachague.

Je, nani atasahihisha daftari? Kompyuta tutaiombea fedha. Mwalimu wa jioni mbili kwa wiki atoke usharikani.

Mungu awabariki.