Fundi, Pesa ya Kazi Iweke Mahali Pake



Mazungumzo haya tuliyafanya na mafundi waashi, maseremala na mafundi wa rangi wa Chamazi, katika wilaya ya Temeke, pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Wengi wao wametoka vijijini. Hawana tajiri. Kila mmoja hupatana kazi mwenyewe na hulipwa mwenyewe. Tumeona yatawafaa na ninyi mnaojenga, mnaopasua mbao au mnaoshona huko mliko.

Tulianza na kisa. Fundi mwashi mmoja alipewa shilingi 900,000 na mwenye nyumba ili anunue saruji, mchanga na nondo. Pesa iliingia kwenye simu yake, ikachanganyika na pesa ya nyumbani. Wiki ile mtoto akaugua. Fundi akatoa kidogo. Jumapili kukawa na msiba, akatoa tena. Mara ada ya shule. Siku ya kununua saruji alikuta zimebaki 410,000. Nia yake haikuwa kuiba. Lakini aliitwa mwizi, akapelekwa polisi, na kazi akapewa mwingine. Jina lake likaharibika mtaa mzima.

Je, kosa lake lilikuwa nini? Alichanganya pesa ya kazi na pesa ya nyumbani.

Kwa hiyo fundi awe na akaunti ya kazi peke yake. Pesa ya mteja iingie humo. Vifaa vinunuliwe kutoka humo. Kazi ikiisha, jilipe ujira wako, uupeleke nyumbani. Nyumba ile ujira, isile saruji ya watu.

Haya basi, benki ni nyingi. Tuchague ipi? Tusifuate rangi ya tangazo. Twende na daftari na kalamu, tuulize mambo manne.

La kwanza ni makato. Tupige hesabu ya mfano. Akaunti ya kwanza inakata shilingi 6,000 kila mwezi, na shilingi 500 kila ukitoa pesa. Akaunti ya pili haikati kitu kwa mwezi, lakini kila ukitoa inakata 2,000. Ukitoa mara 3 kwa mwezi, ya kwanza itakula 7,500, na ya pili 6,000. Ukitoa mara 8, ya kwanza itakula 10,000, na ya pili 16,000. Mnaona? Akaunti iliyo nafuu kwa jirani yako yaweza kuwa ghali kwako. Hesabu kwanza mwezi mmoja unatoa pesa mara ngapi.

La pili ni jina. Kama wateja wanakulipa kwa jina lako, akaunti ya jina lako yatosha kuanzia. Lakini kampuni ikiandika hundi kwa jina la biashara yako, hundi hiyo haitaingia katika akaunti yako binafsi. Hapo yakupasa kusajili jina la biashara BRELA, kisha ufungue akaunti ya biashara. Benki itataka pia kitambulisho cha taifa, namba ya mlipa kodi na, kwa kawaida, leseni ya biashara. Namba ya mlipa kodi hutolewa bure na TRA. Mtu asikuuzie. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, na mafundi wa mitaani walipata kazi humo. Kazi kama hizo zikija tena, fundi mwenye karatasi zake tayari hahangaiki.

La tatu ni umbali. Nauli ya daladala na nusu siku ya kazi iliyopotea, hayo nayo ni makato. Uliza kama kuna wakala karibu, na yeye anakata kiasi gani.

La nne ni usalama. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 ndogo kwa sababu mtaji wao haukutosha. Uliza kama benki yako ina leseni ya Benki Kuu. Amana za benki hizo zina bima. Tangu mwaka 2023 bima hiyo hulipa hadi shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana, benki ikifilisika. Pesa ya upatu haina bima hiyo.

Mama mmoja, fundi wa rangi, alituuliza: "Mwalimu, mimi napata 30,000 hapa, 40,000 pale. Makato si yatanimaliza?" Tulimjibu: Mama, si lazima uanze na akaunti ya biashara. Tafuta akaunti ya akiba isiyokatwa kila mwezi, ila iwe ya kazi tu. Kazi zikikua, utahamia kubwa.

Mwisho, zamani wengi wenu mliweka dole gumba kwenye karatasi msizozijua. Sasa mnasoma. Basi someni kabla ya kutia saini. Usipoelewa neno, uliza. Wakikuharakisha, rudi nalo nyumbani ulisome.

Na hata kabla ya kwenda benki, leo jioni chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika pesa ya kazi, wa pili pesa ya nyumbani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.