Kabla ya Kumlipa Anayekufundisha Usaili

MTANGAZAJI: Leo tuzungumzie usaili wa kazi.

Umeitwa kwenye usaili. Jirani anakuambia, "Nilipe, nikufundishe kujibu." Je, umlipe?

Kwanza muulize anauza nini. Akiuza mazoezi ya kujibu maswali, hiyo ni kazi halali. Pima bei yake na unga wa watoto. Akikuahidi kazi yenyewe, au akisema ana mtu wake ofisini, kataa. UNHCR haitozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayedai pesa kwa jina lake, toa taarifa.

Mazoezi utayapata hata bure. Mwombe mwalimu, au ndugu aliyewahi kusailiwa, akuulize maswali kwa lugha ya usaili, iwe Kiingereza au Kibemba. Eleza kazi uliyoifanya Kongo: ulifundisha watoto wangapi, ulishona miaka mingapi. Ulizia pia kibali; Zambia inamtaka mkimbizi awe nacho ili aajiriwe, na mkufunzi hawezi kukupa.

Fedha kidogo ulizonazo, zitunze ziwe nauli ya siku ya usaili.