Mgeni anasamehewa kodi, mama anakamatwa ku barieri: leta inasaidia nani mu Maniema?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana mu Kasongo. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakufika.)

  Najua kuna wale wanaopaswa kurudi sokoni mbele jua halijawa kali, basi sitazunguka.

Nianze na shangazi yangu. Analima mpunga. Wakati wa mavuno anapakiza magunia ku baskeli, kijana anasukuma, yeye anafuata nyuma na mtoto mgongoni. Mbele wafike mu mji, wamekuta kamba imefungwa barabarani mara tatu, mara ine. Kila kamba iko na mtu, kila mtu iko na jina la kodi yake. Analipa. Akiuliza kitansi, wanamuuliza kama anataka kulala pale. Akifika sokoni na kuhesabu, faida imebaki ya kununua chumvi na sabuni. Hakuna mtu aliwahi kumwambia: mama, wewe ni mwekezaji, tukusamehe miaka mitano ukomae kwanza.

Lakini maneno hayo yako mu sheria. Njo tunataka kuyazungumuza leo.

Inchi yetu iko na sheria ya uwekezaji, namba 004/2002 ya tarehe 21 mwezi wa 2, 2002. Ofisi inayoisimamia inaitwa ANAPI. Sheria ile imegawa inchi mu sehemu tatu. Mtu akiweka pesa mu Kinshasa, msamaha wake ni wa miaka 3. Akiweka mu Bas-Congo, Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi, miaka 4. Akikuja huku kwetu Maniema, kwa sababu tuko mbali na hatuko na barabara, miaka 5. Mimi sioni ubaya mu hiyo. Mtu anayeleta mashini mpaka Kasongo anastahili kusaidiwa. Na sikieni vizuri: sheria ile haisemi ni ya wageni tu. Mukongomani naye anaweza kuomba. Biashara ndogo inaweza kuanzia dolari 10 000. Ushirika wa wakulima wakichanga wakanunua mashini ya kukoboa mchele, wanaweza kuingia mu mulango ule ule. Swali ni hili: nani kati yetu aliwahi kuambiwa kama mulango uko wazi? Mgeni anaambiwa mu hoteli ya Kinshasa, na karatasi zake zinatayarishwa. Shangazi yangu anaambiwa na kamba barabarani.

Kwa madini kuna sheria ingine, na hapo njo kuna hadisi ya kwetu. Namoya.

Lakini mbele ya Namoya, mujue kama leta kusaidia sosiete ya kigeni mu Maniema si jambo la jana. Mwaka 1902, wakati wa Leopold, sosiete ya reli ya Baron Empain, ile wazee wanaita CFL, ilipewa hektari karibu milioni 4, na Leta ikawahakikishia faida ya asilimia 4 ku pesa walizoweka. Maana yake: hata reli ikikosa faida, mwenye pesa hakosi. Kufikia 1911 reli ya Kindu mpaka Kongolo ilikuwa imeisha. Ni kweli, reli ilibaki. Mpaka leo mchele wa Kasongo unaangalia upande wa Samba kutafuta treni. Lakini babu zetu hawakuulizwa, si juu ya udongo, si juu ya mikono iliyojenga.

Sasa Namoya. Tarehe 13 mwezi wa 2, 1997, serikali ya Mobutu, ikiwa karibu kuanguka, ilitia sahihi mkataba na Banro, sosiete ya Canada, juu ya mali ya SOMINKI. Mwaka 1998 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikafuta. Banro ikapeleka inchi yetu mbele ya waamuzi wa kimataifa kule Washington. Mu mwezi wa 4, 2002, serikali ya Joseph Kabila ikapatana nao: Twangiza, Kamituga, Lugushwa na Namoya vikarudi mu mikono ya Banro. Na mu mapatano yale kulikuwa na msamaha wa kodi wa miaka 10, kuanzia siku mgodi utaanza kuzalisha kwa biashara.

Shikeni hiyo miaka 10 mu kichwa, tuhesabu pamoja.

Zahabu ya kwanza ya Namoya ilimwagwa mwisho wa 2013. Uzalishaji wa biashara ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 1, 2016. Mwezi wa 12, 2017, Banro ilikimbilia tribinali kule Canada kuomba kinga mbele ya watu wanaoidai. Mwezi wa 9, 2019, ilisimamisha kazi, ikisema usalama umeshindikana. Kutoka 2016 mpaka 2019 ni miaka mingapi? Haifiki ine. Msamaha ulikuwa wa kumi.

Mumeona? Mgodi ulianguka ukiwa ungali mtoto mu macho ya kodi. Leta iliahidi kungojea miaka 10, na sosiete haikuishi miaka 10. Wakati ule wote zahabu ilikuwa inatoka kwa ndege, na barabara ya kutoka hapa kwenda Kabambare mnaijua, sihitaji kuwaeleza, matope yake iko bado ku suruali zenu.

Na Salamabila ilibaki na nini? Vilima ambamo baba na kaka zetu walikuwa wanachimba kwa mikono viliingia mu permi ya sosiete. Mtu aliyekuwa anasomesha watoto kwa beshi na karai akaitwa mwizi juu ya udongo wa babu yake. Hasira ile ikapata bunduki: Mai-Mai Malaika. Askari wakaletwa kulinda mgodi. Watu wakakufa, mahelfu wakakimbia, wamama na wabinti wakateseka kwa namna ambayo sitaisema mbele ya wazazi wao walio hapa. Sitetei bunduki hata moja. Mwenye bunduki hakuleta barabara yeye naye. Yeye pia anafunga kamba, yeye pia anakula ku mchimbaji. Lakini mtu akiniambia kama shida ya Namoya ilikuwa usalama tu, namuuliza: usalama ule ungelikuja kutoka wapi, kama wenye kuishi pale hawakuona faida ya kuulinda?

Hapa nataka mtu asinisikie vibaya. Kuna wale watasema vijana hawa wanachukia wageni. Hapana. Kasongo ni mji wa watu waliokuja. Hii lugha tunayosema hapa ilifika na wafanya biashara kutoka pwani, na pamoja na mazuri walileta pia minyororo. Sisi tunajua kupokea mgeni, na tunajua mgeni anaweza kufanya nini kama mwenye nyumba amelala. Katiba yetu, kifungu cha 34, inasema Leta inatia moyo uwekezaji na kuulinda, wa wazalendo na wa wageni. Tunakubali. Lakini katiba ile ile, kifungu cha 58, inasema kila Mukongomani iko na haki ya kufurahia utajiri wa inchi, na ni kazi ya Leta kuugawa kwa haki. Wakubwa wetu wanakumbuka sana 34. Kazi yetu ni kuwasomea 58.

Na sheria ya sasa si mbaya, tatizo ni kama hakuna anayeisoma kwa sauti. Sheria ya madini ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3, 2018. Redevansi ya zahabu ilipanda kutoka asilimia 2,5 mpaka 3,5. Mu pesa hiyo, Kinshasa inachukua 50 ku mia, jimbo 25, entite ya chini pale mgodi uko inachukua 15, na 10 inawekwa kwa vizazi vinavyokuja. Tena, mbali na hiyo, sosiete inapaswa kuweka asilimia 0,3 ya mauzo yake yote kwa maendeleo ya watu wa pale. Na inapaswa kutia sahihi na wenyeji ile wanaita cahier des charges, kitabu cha ahadi: shule gani, maji gani, barabara gani, mwaka gani.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mgodi umeuza zahabu ya dolari milioni 100. Redevansi ni milioni 3 na nusu. Jimbo linapata 875 000. Entite ya chini inapata 525 000. Na ile 0,3 ni dolari 300 000 zingine. Mu sekta ambamo watoto wanakaa ku mawe kusoma, dolari 525 000 si mchezo. Lakini kama hujui kama ni 15 ku mia, utaomba nini? Utaomba mupira na jezi. Na watakupa mupira na jezi, watapiga picha, na wataondoka.

Mimi nilienda ku ofisi moja, sitaitaja, kuuliza tu: pesa iliyoingia kwa jina letu ni ngapi? Waliniambia nirudi kesho. Nilirudi. Wakaniuliza nilitumwa na nani. Nikasema, nimetumwa na njala. Wakacheka. Nikarudi mikono mitupu. Lakini dekre ya tarehe 20 mwezi wa 5, 2011 inasema mkataba wowote juu ya madini, mafuta ao misitu unapaswa kutangazwa ndani ya siku 60. Hauhitaji kutumwa na mtu. Umekwisha kutumwa na sheria.

Basi, tunataka nini? Nitasema vitu vitano, na kila mmoja avibebe mpaka mtaani kwake.

Kwanza, mkataba wowote na sosiete itakayokuja Kabambare ao Kasongo, iwe ya Canada, ya China, ya Emirati ao ya Kinshasa, usomwe mbele ya watu, kwa Kiswahili, mbele ya mashini kufika. Mtu hawezi kukubali ndoa ambayo hakusikia mahari yake.

Pili, msamaha wa kodi usiwe kama sadaka. Uwe na masharti yanayopimika: kilometa ngapi za barabara, vijana wangapi wa hapa wamefundishwa kazi, mwaka gani. Wasipofanya, msamaha unaisha. Na Namoya ilitufundisha: leta isingojee mwaka wa 11 kwa mgodi ambao unaweza kufa mwaka wa 4.

Tatu, ile 15 ku mia ibandikwe ku ukuta wa ofisi ya sekta. Imeingia ngapi, imetoka ngapi, imefanya nini. Karatasi moja na gundi. Haihitaji mufadili.

Ine, sheria ya tarehe 8 mwezi wa 2, 2017 inasema kazi ndogo ndogo ambazo sosiete kubwa zinawapa wengine ni za biashara zenye mtaji wa Wakongomani. Basi mchele wa jikoni ya mgodi utoke mu shamba za Kasongo. Nguo za kazi zishonwe na fundi wetu. Lakini hapo na sisi tujipange: ushirika wenye karatasi, wenye hesabu, wenye mchele usio na mawe. Mnunuzi hatakula uzalendo wetu.

Tano, zile kamba barabarani. Kama Leta inaweza kumsamehe mwenye mamilioni kwa miaka mitano, inaweza kumsamehe mwenye magunia matatu. Kodi isiyo na kitansi si kodi, ni kunyanganya. Tuanze kuandika: barieri iko wapi, wameomba ngapi, wamesema ni kodi gani. Tukiwa na daftari iliyojaa, tutaipeleka kwa amani, mchana, na nakala tutabaki nayo.

Wandugu, atakuja mwengine. Zahabu ingali chini, na bei yake inapanda. Siku moja tutasikia helikopta, tutaona watu wenye kofia nyeupe wakishuka, na mkubwa moja atatuambia tupige makofi kwa sababu maendeleo yamefika. Siku ile sitaki tupige makofi, na sitaki tupige mawe. Nataka kijana moja wa Wamaza asimame, aseme kwa heshima: karibuni, mukae, mupewe maji. Sasa, mukataba uko wapi? Tusomeeni.

Na shangazi yangu akae mbele kabisa asikie.