Kujisikia Mzima na Kuwa Mzima

Hotuba ya Ofisi ya Miradi ya Dayosisi kwa semina ya kamati za diakonia na afya za sharika, Tunduma



Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wachungaji na wainjilisti, wazee wa kanisa, wajumbe wa kamati, na marafiki zetu wa karibu na wa mbali mnaoshirikiana nasi katika kazi hii: tunawashukuru kwa kufika. Wengine mmetoka Momba na Ileje kwa barabara ambazo wote tunazijua zinavyokuwa wakati wa masika, na bado mmewahi kuliko sisi wa hapa mjini.

Katika taarifa za robo mwaka mlizotuletea, swali moja limejirudia. Mmeuliza: tufanye nini na mgonjwa anayesema amepona baada ya kuombewa, au baada ya kunywa dawa ya mganga, na sisi wenyewe tunamwona ana nguvu kuliko juzi? Tumkatishe tamaa? Tunyamaze?

Swali hilo ni zito hapa kwetu. Tunduma ni mji wa mpaka. Malori yanasubiri kuvuka kwenda Nakonde, wageni wanaingia na kutoka, na kila anayeuza tumaini anapata mteja. Asubuhi unasikia kipaza sauti cha muuza dawa za mitishamba, mchana unaona kibao cha mganga, jioni unaalikwa kwenye mkutano wa maombezi. Vijijini wanapita wapiga ramli wanaoitwa lambalamba, nao wakiondoka huacha majirani hawasalimiani. Watu wetu wanaishi katikati ya sauti hizo zote. Kwa hiyo leo tumeona tuzungumze juu ya uhusiano wa kile mtu anachoamini na afya ya mwili wake.

Hofu nayo huugua

Tuanze na hofu. Moyo wa mtu mwenye hofu hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, tumbo huvurugika, usingizi hukimbia. Hayo hayangoji ruhusa yake. Ni akili ya ndani inayofanya kazi bila kuamriwa, kama vile mate yanavyojaa kinywani ukisikia harufu ya nyama choma.

Nchi yetu ina kisa kilichosomwa na madaktari duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikachanganyika na kilio, kikaenda kwa wenzao. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walipopelekwa makwao hali hiyo ilifuatana nao, ikaingia hata kijiji cha Nshamba. Madaktari walipima damu, wakachunguza chakula, hawakukuta sumu wala vijidudu. Waliochambua baadaye walitaja msongo wa mawazo uliokosa njia nyingine ya kutokea.

Wasichana wale hawakuwa wakiigiza. Waliumwa kweli. Tunalisema hili kwa sababu wengi wenu mmeitwa shuleni ambako mabinti wanaanguka na kupiga kelele, na jambo la kwanza kusikika huwa ni: nani amewaroga? Mkianza na swali hilo, hofu inaongezeka na wanaoanguka wanaongezeka. Apimwe kwanza aliyeanguka, maana huenda ana malaria, kifafa au njaa. Wenzake watengwe kwa utulivu, wapewe maji na chakula, waulizwe kwa upole kinachowasumbua. Kisha tuwaombee, kwa sauti ya chini.

Tumaini nalo hutibu, lakini lina mpaka wake

Upande wa pili ni tumaini. Mwaka 1978 watafiti huko California walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu waliong'olewa magego. Baadhi walipata nafuu ya maumivu ingawa walichochomwa hakikuwa dawa ya maumivu. Watafiti walipowapa kemikali inayozuia dawa za jamii ya mofini kufanya kazi, maumivu yalirudi. Maana yake ni kwamba miili yao ilikuwa imetengeneza dawa yake yenyewe ya maumivu, kwa sababu tu waliamini wametibiwa. Nafuu ile haikuwa ya kujidanganya.

Sasa sikilizeni uchunguzi wa pili, ambao tunaomba mwende nao nyumbani. Mwaka 2011 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu wagonjwa wa pumu. Safari moja mgonjwa alipewa pampu yenye dawa, safari nyingine pampu tupu inayofanana nayo, na safari nyingine hakupewa kitu. Walipoulizwa wanajisikiaje, wenye pampu ya dawa walitaja nafuu ya asilimia 50, na wenye pampu tupu asilimia 45. Karibu sawa! Wasiopewa kitu walitaja asilimia 21. Lakini mapafu yao yalipopimwa kwa mashine, upumuaji uliongezeka kwa asilimia 20 kwa pampu yenye dawa, na asilimia 7 hivi tu kwa pampu tupu, sawa na kutopewa kitu.

Imani ilibadilisha namna mgonjwa alivyojisikia. Haikufungua mapafu. Na mgonjwa mwenyewe, kwa kujisikia tu, asingeweza kujua tofauti.

Safari ya Samunge

Mwaka huohuo wa 2011 nchi yetu ilikuwa kwenye foleni. Mnakumbuka. Kijijini Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, mchungaji mstaafu wa KKKT, marehemu Ambilikile Mwasapile, alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba kikombe kimoja kinatosha kwa kisukari, saratani, hata VVU. Watu walikwenda kwa maelfu kutoka kila mkoa na nchi jirani, magari yakapanga mstari wa kilometa nyingi, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Madaktari walionya watu wasiache dawa zao. Hakukupatikana uthibitisho wa kitabibu kwamba kikombe kile kiliondoa VVU. Mzee yule alifariki mwaka 2021, na sisi hatukukutana hapa kumhukumu.

Tumekutana kujihukumu wenyewe. Kutoka hapa hadi Samunge ni zaidi ya kilometa elfu moja, na watu wetu nao walitaka kwenda. Tulichangisha nauli. Tuliandika majina. Miongoni mwa waliokwenda alikuwa dada mmoja mwanakwaya, aliyekuwa akitumia dawa za kufubaza VVU vizuri kabisa. Alirudi mwepesi, analala usingizi, anakula, anaimba tena sauti ya kwanza. Tukampa nafasi ya kushuhudia ibadani, tukapiga makofi na vigelegele. Tulimwona kwa macho yetu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kuhusu vidonge. Alikuwa ameviacha Samunge.

Mwili wake ulijisikia vizuri kwa miezi kadhaa, huku virusi vikiongezeka bila kelele. Baadaye kikaja kikohozi, kikawa kifua kikuu. Aliona aibu kurudi kliniki, kwa sababu sisi tulikuwa tumeshamtangaza kuwa amepona. Tulimzika mwaka uliofuata, na kwaya yake ndiyo iliyoimba.

Ndugu zetu, dada yule hakukosa imani. Alikosa mtu wa kumuuliza swali moja.

Tunachoomba kamati zifanye

Kwanza, mtu akisema amepona, mfurahini pamoja naye, halafu ulizeni: vidonge unaendelea navyo? Umepima? Mwenye VVU hujulikana hali yake kwa kipimo cha wingi wa virusi, mwenye sukari kwa kipimo cha damu, mwenye shinikizo kwa kifaa cha mkononi. Shinikizo la damu hasa haliumi. Wengi huacha dawa siku wanayojisikia vizuri, wakati kilichowafanya wajisikie vizuri ni hizohizo dawa.

Pili, ushuhuda wa uponyaji ibadani usubiri kipimo. Na mtu aliyeshuhudia mapema akirudi kuumwa, mlango uwe wazi asione haya. Hapa tunawaomba wachungaji mtusaidie kwa dhati.

Tatu, tuchunge midomo yetu. Mgonjwa akiambiwa "huyu ndiye anayekuroga" au "ugonjwa huu hauna mtu anayebaki", neno hilo linamwingia kuliko sindano. Wahudumu wa majumbani, semeni ukweli, lakini semeni pamoja na kile kinachowezekana. Dawa za kufubaza VVU hutolewa bure, na anayezitumia sawasawa huishi na kulea watoto wake.

Nne, tusitenganishe sala na dawa. Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi waliponywa, alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara. Hakuona haya. Sharika mbili zimeanza utaratibu wa jirani kupita kwa mgonjwa saa ya vidonge vya jioni: anasali naye, anamshuhudia akimeza, anaondoka. Haigharimu kitu. Mgonjwa anapata tumaini na dawa kwa wakati mmoja, na tumeona kwamba kila kimoja kinahitaji kingine.

Hatusemi kwamba Mungu hawezi kuponya pasipo vidonge. Tunasema hatukupewa mamlaka ya kumvua mwenzetu vidonge vyake kwa jina la Mungu.

Mwisho, kwa wafadhili wetu. Mnapenda kusikia habari njema kutoka kwetu, nasi tunapenda kuwaletea. Lakini tumejifunza kwa gharama kubwa kwamba habari njema iliyotangazwa kabla ya kipimo inaweza kumuua anayetangazwa. Kuanzia sasa, tukiwaandikia kwamba mtu anaendelea vizuri, mjue tumemuuliza swali lile.