Picha za Kale na Daftari za Bagamoyo

 

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, nimetakiwa niseme machache juu ya kuhifadhi habari za mji wa Bagamoyo kwa picha za kale na vitabu vya mwaka. Yamkini kijana aliyezaliwa hapa Bujumbura atauliza: Bagamoyo ni mji mdogo wa Mrima, mbali huko pwani ya Tanzania, nao unatuhusu nini sisi wa ziwani? Unatuhusu sana. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji ikapita Tabora ilikwisha pale, na wengi katika wazee wa Buyenzi na Rumonge asili yao ni watu wa njia ile. Mpaka mwaka 1916 nchi hii na ile zilikuwa chini ya bendera moja ya Wadachi. Na tarika ya Qadiriya ilitoka Bagamoyo ikafika Ujiji, ikaingia Burundi na Kongo.

Aliyeieneza hasa ni Sheikh Ramiya, jina lake Yahya bin Abdallah. Alizaliwa upande wa Manyema, katika nchi ya Kongo, akaletwa Bagamoyo angali mtoto, tena mtumwa. Akasoma, akauza samaki, akapata mashamba ya minazi, hata akawa khalifa ambaye watu walimwendea kutoka bara. Alifariki mwaka 1931. Nalitaja hili kwa kusudi, kwani ziko nyumba miongoni mwetu ambamo picha ya babu imefichwa sandukuni kwa kuwa amebeba mzigo kichwani, au ya bibi kwa kuwa amejifunga kaniki. Ikiwa mji mzima haukuona haya kumfuata aliyeletwa kwa kamba, mjukuu anaona haya gani kwa mzigo uliobebwa kwa halali?

Kabla sijaendelea, liko neno ninaloliona katika nyuso za baadhi yenu. Maulamaa wamekhitalifiana juu ya picha. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala akajuzisha picha ya kamera, kwa hoja kwamba ni kukizuia kivuli alichokwisha kukiumba Mungu, wala si kuchonga kiumbe. Wengine hawakukubali. Mwenye kushika kauli ya kukataza halaumiwi, naye asitundike kitu ukutani mwake. Lakini asizichome za wenziwe, kama ilivyokwisha kutokea.

Picha za Bagamoyo si chache. Wadachi walipiga nyingi, na za mpiga picha wao Walther Dobbertin zimewekwa katika hifadhi ya nyaraka ya serikali ya Ujerumani, nyingine zinaonekana hata kwa intaneti. Mapadri waliojenga misheni yao pale mwaka 1868 nao wanazo zao. Humo mtaona Boma, milango ya nakshi, majahazi yamepwelewa. Lakini tazameni maneno yaliyoandikwa chini yake. Akiwa ni ofisa, jina lake limetajwa pamoja na cheo. Wakiwa ni watu wetu, aghalabu imeandikwa "wapagazi", basi. Susi na Chuma, walioongoza wenzao kuuchukua mwili wa Livingstone mpaka Bagamoyo mwaka 1874, walipigwa picha Uingereza mwaka uleule na majina yao yakaandikwa, ndiyo maana mpaka leo tunawatambua kwa sura. Je, ni wangapi walioshika njia ileile wakabaki mabega tu?

Majina nayo yako kwingine. Yako katika gazeti la Kiongozi, lililoanza kutolewa Tanga mwaka 1904, na katika Mambo Leo la tangu mwaka 1923, ambamo watu wa miji waliandika habari za kwao. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa upande wa Bagamoyo, aliandika desturi za Waswahili zikapigwa chapa mwaka 1903, na bila yeye tusingalijua nusu ya mambo yanayoonekana katika picha zile. Na yako katika vitabu vya mwaka vya vyama kama hiki chetu: nani alitoa mchango, nani alikwenda Hija, nani alifariki. Basi picha ina nyuso bila majina, na daftari ina majina bila nyuso, na anayeweza kuvikutanisha ni mzee aliye hai.

Nitatoa mfano. Iko picha ililetwa hapa chamani, ya watu kumi na watatu wamesimama chini ya mwembe, na nyuma yake pameandikwa "Maulidi, Bagamoyo", hapana mwaka. Tukafunua daftari za zamani, tukakuta orodha ya nauli za safari ya maulidi, majina kumi na moja. Bibi mmoja wa Buyenzi akatazama, akamjua mumewe. Akamjua na mwengine kwa namna alivyofunga kilemba, akasema huyo hakulipa nauli, alichukuliwa kwa kuwa alijua kupiga dufu! Daftari haikumtaja. Bibi huyo sasa macho yake yanapungua, na katika wale kumi na watatu, watano hatujawajua.

Kwa hiyo, aliye na picha asiibandike kwa gundi, wala asiandike mbele yake. Aandike nyuma, kwa penseli laini, bila kukandamiza: jina na jina la baba, mahali, mwaka, na nani aliyesema. Asipokuwa na hakika aandike "yasemekana". Aiweke katika karatasi kavu, mbali na mchwa na unyevu. Vijana wanaweza kuipiga kwa simu ili nakala iwepo, lakini nakala isiyo na jina ni upagazi uleule mara ya pili.

Alhamisi baada ya sala ya Isha picha zote zitatandazwa mezani katika chumba cha madrasa, na daftari kando yake. Asiye na picha amlete mzee. Mzee asiyeweza kutembea, mtuarifu katibu, tutamfuata na picha nyumbani kwake, tukianza na ile ya mwembe.