Kalamu ya Mwanamke ni Sehemu ya Mageuzi
(Hotuba iliyotolewa Junda, Kisauni)



Tumekutana hapa Junda kuzungumza juu ya uhuru. Uhuru hauanzi kwenye sanduku la kura. Huanzia pale mtu anapoweza kuwaza lake, akaliandika, na lisimponze.

Pwani yetu inao ushahidi wa kale. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utendi wa wasia, naye akiwa mgonjwa. Wako wanaoutumia utendi huo kumnyamazisha mwanamke, maana kweli unamhimiza binti amtii mumewe. Lakini tusisahau kwamba mwanzoni kabisa mama anamtaka bintiye alete wino na karatasi. Binti aliyefunzwa utiifu alifunzwa pia kuandika, na mwalimu wake alikuwa mwanamke aliyeamini kwamba maneno yake yastahili kudumu.

Zaidi ya karne moja baadaye, Profesa Mĩcere Gĩthae Mũgo, aliyeandika pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o tamthilia ya mwaka 1976 juu ya kesi ya Dedan Kimathi, alilazimika kuikimbia nchi mwaka 1982 pamoja na binti zake wawili. Akavuliwa uraia. Hakushika bunduki, alishika kalamu. Vyuo vya Zimbabwe na Marekani vikafaidi elimu ambayo watoto wetu walinyimwa, hadi alipofariki ugenini mwaka 2023.

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Hata hivyo, mwanzoni mwa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakiwa pamoja na Wangari Maathai, waligoma kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Polisi walipowapiga na kuwatawanya, Kanisa Kuu la Watakatifu Wote liliwapokea. Hapo kanisa lilijua wajibu wake.

Leo Katiba ya 2010, katika Ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza, wa ubunifu na wa kitaaluma. Basi tusiilaumu Serikali peke yake. Katika kamati zetu wenyewe, akina mama hukusanya watu na kupika chai. Akina baba huandika maazimio. Huo nao ni udhalimu, na sisi ndio tunaoutenda.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kila kamati imchague mwanamke kushika kalamu ya mkutano. Kanisa na madrasa zitenge chumba, jioni moja kila juma, ambapo wasichana watasoma na kuandika. Na kila mzazi ampunguzie binti kazi za nyumbani, apate saa moja na daftari lake.

Tulidai vyama vingi ili sauti nyingi zisikike. Sauti ya binti wa Junda ni mojawapo.